Namna ya Kukabiliana na Simu za Matapeli Nyumbani: Mwongozo kwa Familia za Tanga

Tapeli wa simu hana saa maalumu, lakini saa inayomfaa kuliko zote ni ile ya kati ya saa nne asubuhi na adhuhuri, ambapo nyumba nyingi za Ngamiani, Makorora na Mabawa hubaki na bibi, dada wa kazi na mtoto ambaye hajaanza shule, huku wenye kipato wakiwa ofisini, sokoni Mgandini, baharini au njiani kwenda Muheza kufuata machungwa. Simu inaita, namba haijulikani, na sauti ya upande wa pili ina heshima zote: "Shikamoo bibi." Anayeipokea hana wa kumuuliza kwa wakati huo, na mpigaji analijua hilo.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya nyumba ya namna hiyo. Ushauri tuliouzoea humtaka kila mtu awe mwangalifu, lakini uangalifu wa mtu mmoja huchoka: humtoka siku anayoumwa, siku ana wageni, au siku mwanawe yuko safarini na moyo wake haujatulia. Kinachosaidia ni utaratibu ambao watu wote wa nyumba wamekubaliana kabla simu haijaita, na utaratibu wenyewe unaingia katika sentensi moja: pesa haitoki nyumbani kwa sababu ya simu tuliyopigiwa, hutoka baada ya simu tuliyopiga sisi, kwa namba tuliyokuwa nayo tangu awali. Yanayofuata ni maelezo ya namna ya kuifanya sentensi hiyo ifuatwe na kila mtu, kuanzia mkuu wa nyumba hadi mtoto wa darasa la tatu.

Kwa nini analijua jina lako

Jambo la kwanza linalowalegeza watu ni kumsikia mtu wasiyemjua akiwataja kwa majina yao matatu. Wengi huamini kuwa mwenye kuyajua majina hayo lazima ametumwa na kampuni ya simu, benki au ofisi ya Serikali. Ukweli ni mwepesi zaidi. Mtu yeyote anaweza kufungua menyu ya kutuma pesa, akaandika namba yako na kiasi chochote, na mfumo ukamwonyesha jina ulilosajiliwa nalo ili alithibitishe kabla ya kutuma. Tapeli hulisoma, husitisha muamala, kisha hukupigia. Kinga hiyo iliwekwa kwa nia njema, ili mtu asitume pesa kwa namba aliyoikosea, na inafaa sana. Lakini maana yake ni kwamba jina lako si siri kwa yeyote mwenye namba yako, na anayelitaja hajathibitisha lolote. Majina yanayoonyeshwa na zile programu za kutambua wapigaji nayo yasichukuliwe kuwa ushahidi, kwa kuwa huandikwa na watumiaji wenyewe, na tapeli naye ni mtumiaji.

Taarifa nyingine tunazitoa wenyewe. Kikundi cha WhatsApp cha michango ya harusi hukusanya watu wengi ambao nusu yao hawajuani, na kila jioni mweka hazina huweka orodha: fulani elfu hamsini, shangazi wa Pongwe laki moja, mjomba aliyeko Oman ameahidi. Mwenye kuisoma orodha hiyo kwa nia mbaya hupata kwa dakika chache ukoo mzima, nani ana uwezo, nani mkubwa wa nani, na namba ya kila mmoja. Siku mbili kabla ya shughuli hujitokeza mtu akasema kwamba laini ya mweka hazina imeharibika, na michango iliyobaki itumwe kwenye namba nyingine. Basi namba ya kupokelea michango itangazwe siku ya kwanza pamoja na jina litakalotokea, isemwe wazi kuwa haitabadilika hadi mwisho, na kikundi kifungwe shughuli inapokwisha. Kwa rambirambi tahadhari iwe kubwa zaidi, kwa sababu wakati wa msiba hakuna anayetaka kuonekana anahoji, na watu hutuma huku wanalia.

Maneno wanayoyatumia

Sentensi mashuhuri kuliko zote huja kwa ujumbe na wakati mwingine kwa mdomo: "Ile hela tuma kwenye namba hii, jina litakuja...", kisha hutajwa mtu usiyemjua. Watu huicheka, lakini inastahili kusomwa polepole, kwa sababu kila neno lake lina kazi. "Ile hela" haisemi ni hela gani. Anayedaiwa kodi huisikia kama kodi, anayesubiriwa ada huisikia kama ada, na aliyezoea kumtumia mama yake matumizi kule Lushoto humsikia mama. Tapeli hahitaji kukujua. Huyatupa maneno hayo kwa namba nyingi, akingoja apatikane mmoja ambaye kweli alikuwa karibu kutuma pesa mahali. Nayo "jina litakuja" ndiyo sehemu ya hatari zaidi, kwa kuwa inakuvua mapema kinga uliyobaki nayo: mfumo utakapokuonyesha jina lisilo la mwenye nyumba wala la mama yako, badala ya kushtuka utaridhika, maana uliambiwa litakuja. Tangu laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilipoanza kuzimwa Januari 2020, kila laini inapaswa kuwa na jina la mtu mwenye kitambulisho, lakini jina hilo laweza kuwa la mtu aliyeuza laini yake, au aliyechukuliwa alama ya kidole bila kujua inasajili nini. Kwa hiyo kanuni ya nyumbani iwe kali: likitokea jina ambalo si la mtu unayekusudia kumlipa, muamala husitishwa, hata kama sababu iliyotolewa ni nzuri na hata kama mpigaji ana haraka.

Simu inayotisha kuliko zote ni ile ya mtoto. Mpigaji hujitambulisha kuwa mwalimu au muuguzi, husema mtoto ameanguka na amekimbizwa hospitali, na kwamba matibabu hayawezi kuanza mpaka ilipwe pesa ya kipimo, shilingi 80,000 au 150,000, kiasi ambacho mtu aliyeshtuka anaweza kukikusanya bila kwenda benki. Nyuma yake huenda kukasikika kelele na kilio. Mzazi anayesikia hayo hana nafasi ya kufikiri, na simlaumu mzazi yeyote aliyetuma. Ndiyo maana jibu liandaliwe siku ambayo mtoto yu mzima. Namba ya mwalimu wa darasa na ya mwalimu mkuu ziwe zimehifadhiwa katika simu ya kila mtu mzima wa nyumba, pamoja na ya bibi. Jirani mmoja, hasa mwenye pikipiki, awe ameombwa mapema kwamba ikija habari ya namna hiyo atakwenda shuleni bila kuuliza maswali mengi. Ikitajwa Hospitali ya Bombo, atumwe mtu Bombo. Kutoka Makorora au Chumbageni si safari ya kumshinda mwenye bajaji. Kwa mtoto anayesoma bweni Lushoto au Korogwe, ambako huwezi kutuma mtu upesi, zile namba mbili za shule ndizo zitakazoamua. Mwalimu wa kweli hakasiriki ukimwambia kwamba unakata ili umpigie mkuu wa shule. Tapeli atakwambia usikate. "Usikate simu" ni maneno ambayo kila mtu wa nyumba anapaswa kuyachukua kama amri ya kukata.

Upo ulaghai wa "nimekosea kutuma". Unaingia ujumbe kwamba umepokea shilingi 45,000, na papo hapo anapiga mtu akilalamika kuwa pesa hiyo ilikuwa ya mgonjwa. Unarudisha, kumbe ujumbe ule haukutoka kwenye mtandao, aliuandika yeye. Ujumbe wa kweli wa muamala kwa kawaida huja kwa jina la huduma na kukaa pamoja na jumbe zako za zamani za miamala, na ule wa tapeli wa kawaida huja kutoka namba ya mtu. Usiishie hapo, kwa sababu jina la mtumaji nalo linaweza kuigizwa. Fungua menyu mwenyewe, ingiza namba yako ya siri, utazame salio. Salio la kwenye menyu haliandikwi na tapeli. Ikiwa pesa imeingia kweli, bado usiitume wewe. Mwambie kwa upole apige simu 100 aombe muamala wake urejeshwe, na wewe uiache pesa hiyo bila kuigusa, kwa kuwa si yako. Ukiituma kwenye namba tofauti na iliyoileta, huenda unamkabidhi mwizi pesa ya mtu wa tatu ambaye naye ametapeliwa, na jina lako likabaki katikati ya miamala hiyo miwili.

Halafu yupo anayejidai ni wa huduma kwa wateja. Atasema laini yako inafungwa leo, usajili wako una kasoro, au umechaguliwa kupata zawadi. Namba rasmi ya huduma kwa wateja ya mitandao ya simu nchini ni 100, na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, imewatahadharisha wananchi mara nyingi wasifuate maelekezo ya anayejiita mtoa huduma huku akipiga kwa namba ya kawaida. Mtu huyo hutafuta kimoja kati ya vitu vitatu. Cha kwanza ni namba ya siri, ambayo hakuna mfanyakazi wa kampuni ya simu wala benki anayeihitaji ili akuhudumie. Cha pili ni tarakimu zilizoingia kwa ujumbe muda huo huo anaozungumza nawe; tarakimu 6 za WhatsApp, kwa mfano, humwezesha kuihamishia akaunti yako kwenye simu yake, kisha jioni hiyo ndugu zako wote wanaombwa pesa kwa picha yako na kwa jina lako. Katika mipangilio ya WhatsApp ipo sehemu ya uthibitishaji wa hatua mbili, ambapo unaweka namba yako mwenyewe ya tarakimu 6, na kila kijana mwenye simu janja amwekee mama yake kinga hiyo wiki hii. Cha tatu hakijulikani na wengi: hukutaka ubonyeze alama na namba, mara nyingi zikianzia na *21*, ambazo huzielekeza simu zako ziingie kwenye laini yake. Ukiwa umekwisha kubonyeza, bonyeza ##002# kisha kitufe cha kupiga, na uelekezaji wote utafutwa.

Mengine yanahitaji maneno machache. Bahati nasibu ambayo hukucheza haina zawadi yako. Anayekualika kujiunga na Freemason ili utajirike, na mganga anayepiga simu kwanza, wote hutaka ada ya kuanzia, na ada ya kuanzia huzaa ada nyingine. Mzigo unaodaiwa kuwa umetumwa na ndugu wa Ulaya na umezuiwa Bandari ya Tanga haukombolewi kwa kutuma pesa kwenye namba ya mtu. Malipo ya Serikali hulipwa kwa kontrolo namba, na bandari iko hapa hapa mjini, kwa hiyo mwenye shaka aende akaulize. Namba ya nje ya nchi iliyoita mara moja ikakata isipigiwe.

Kukata simu bila kuvunja adabu

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu naona ndipo wazee wetu wanapopigwa zaidi, na ni mahali ambapo maonyo mengi hayafiki. Mzee wa pwani aliyelelewa, na aliyelea wengine, kwa kuitikia salamu na kumsikiliza mgeni mpaka amalize shida yake, haoni kuwa ni sawa kumkatia simu mtu aliyemwamkia kwa heshima. Tapeli analitumia hilo kwa makusudi. Hamtukani, hamtishi, anamwita mama yangu, anamwombea dua, anamuuliza hali ya miguu. Baada ya dakika tano za maneno mazuri, mzee huona haya kusema hapana. Kumwambia mzee huyo "kata tu" ni kumtaka afanye jambo analoliona la aibu, na siku ya siku hatalifanya.

Apewe maneno ya kukatia ambayo yana adabu ndani yake, mafupi, na yawe yale yale kila mara. Kwa mfano: "Marahaba mwanangu. Hapa nyumbani mambo ya pesa hatuyazungumzi kwa simu tuliyopigiwa. Nitaulizana na wanangu. Kwaheri." Maneno hayo hayamshutumu mpigaji, kwa hiyo hata akiwa ni mtu wa kweli hajavunjiwa heshima. Hayana uongo. Tena hayana swali, na hilo ndilo muhimu zaidi, kwa kuwa swali lolote, hata la kumkaripia, humpa tapeli zamu ya kujibu. Akisema "kwaheri", kidole kiwe kimefika kwenye kitufe chekundu. Asingoje mwenzake naye aage.

Mtego mwingine uko mwanzoni kabisa mwa mazungumzo. Mpigaji huuliza kwa sauti ya masikitiko, "Bibi, umenisahau? Mimi mjukuu wako." Bibi, kwa mapenzi na kwa kuogopa kuonekana amesahau, hujibu, "Ah, si ndiye Salimu wewe?" Kuanzia hapo tapeli ni Salimu, na jina amepewa na bibi mwenyewe. Familia ikubaliane kwamba hakuna anayemtajia mpigaji jina; mpigaji ndiye ajitaje, na akidai ni mtu wa ukoo aulizwe jambo ambalo wa nyumbani tu wanalijua, ambalo halimo katika picha wala katika kikundi chochote. Jambo hilo lichaguliwe pamoja: jina la utani la babu, au neno lolote mliloliweka akiba kwa ajili hiyo. Siku hizi sauti ya mtu inaweza kuigizwa kwa kompyuta kutokana na ujumbe mfupi wa sauti aliowahi kutuma, kwa hiyo "nimeisikia sauti yake" si uthibitisho tena.

Maneno haya yafanyiwe mazoezi kwa sauti. Jioni moja baada ya chakula, mjukuu aende chumba cha pili apige simu ajifanye tapeli, na bibi ajibu. Kisha zamu ya dada wa kazi. Kisha ya mtoto. Mtakavyocheka ndivyo yatakavyokaa kichwani. Mtu aliyewahi kuyatamka maneno mara kadhaa huyapata ulimini siku ya hofu, na aliyeyasoma tu huyakosa.

Dada wa kazi anahitaji jambo la ziada, nalo ni ahadi ya mwajiri. Yeye hupigiwa na mtu anayejiita bosi, au rafiki wa bosi, akiamriwa atoe pesa iliyo kabatini ampe bodaboda anayekuja getini, au atume kutoka kwenye mshahara wake alioudunduliza katika simu na atarudishiwa jioni. Anaogopa kukataa kwa sababu anaogopa kufokewa. Mwajiri amwambie mbele ya watu wote wa nyumba kwamba hatatoa kamwe agizo la pesa au la kutoa vitu kupitia namba nyingine, na kwamba akimkatia simu bosi mwenyewe kwa kushuku hatalaumiwa wala kukatwa mshahara. Kisha aitimize ahadi hiyo siku itakapotokea kweli kwamba amepiga kwa simu ya kuazima na akakatiwa.

Kuiandaa nyumba

Chukua karatasi ngumu, uandike kwa herufi kubwa ambazo bibi anaweza kuzisoma bila miwani, uibandike mahali simu inapochajiwa. Iwe na namba za watoto wake, ya jirani, ya mwalimu, 100 ya huduma kwa wateja, na ile sentensi ya kukatia simu. Karatasi inafaa kuliko kumbukumbu iliyo ndani ya simu, kwa sababu wakati tapeli anazungumza simu iko sikioni.

Halafu kagua laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho cha kila mtu mzima. Bonyeza *106# na ufuate menyu. Utaona usajili wa laini unayotumia, na unaweza kuona namba zote zilizosajiliwa kwa namba yako ya NIDA. Ikitokea namba usiyoijua, nenda na kitambulisho katika duka la mtandao husika uiondoe, kwa kuwa kitakachofanywa na laini hiyo kitafanywa kwa jina lako. Chanzo kimoja cha laini hizo ni usajili wa barabarani: msajili humwambia mteja kwamba kidole hakijasoma, aweke tena, aweke tena, na kila alama inaweza kuwa inasajili laini nyingine. Wazee wasajiliwe dukani, wakiwa na kijana anayetazama kioo cha mashine, na kila baada ya miezi michache ukaguzi wa *106# urudiwe.

Namba ya siri isiwe mwaka wa kuzaliwa. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na 8 za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Mwenye kuona kitambulisho chako, au nakala yake iliyoachwa kwa mpiga fotokopi, anausoma mwaka huo bila kazi. Mzee asiyeweza kukumbuka namba nyingine asiiandike nyuma ya simu. Achague tarakimu zenye maana kwake ambazo hazimo katika karatasi yoyote ya ofisi, na mtoto mmoja tu anayemwamini ndiye azijue, ikiwa ni lazima ajulishwe mtu.

Pesa nyingi isikae katika laini inayopokea simu za watu wote. Laini ya bibi iwe na matumizi ya siku chache, na akiba iwe benki au kwenye laini nyingine ambayo namba yake haijagawiwa kwa mtu. Watu huliona hili kuwa usumbufu, nami nalisisitiza, kwa kuwa siku ambayo tahadhari nyingine zote zimeshindwa, kitakachoamua ukubwa wa hasara ni kiasi kilichokuwamo.

Ujumbe wa kitapeli usifutwe tu. Utume kwenda 15040, namba iliyowekwa na TCRA kwa ajili hiyo, na ufuate maelekezo ya ujumbe utakaorudi, ambao hukutaka uandike namba ya aliyekutumia. Namba za waliopiga nazo ziripotiwe. Kuizuia namba katika simu yako ni vizuri, lakini kunakukinga wewe peke yako, na tapeli ana laini nyingine mfukoni. Kuiripoti kunasaidia laini hiyo ifungiwe isimfikie jirani.

Ikiwa pesa imekwisha kutumwa

Dakika za mwanzo ndizo zenye thamani, kwa sababu pesa ikishatolewa kwa wakala ni vigumu kuirudisha. Piga 100 papo hapo kutoka laini iliyotuma, taja namba ya kumbukumbu ya muamala iliyo kwenye ujumbe, na uombe pesa izuiwe. Kama ni pesa ya benki, piga benki kwa namba iliyo nyuma ya kadi yako. Ukishamaliza, badilisha namba ya siri. Usiendelee kubishana na tapeli, wala usimtumie maneno ya laana yatakayomjulisha kwamba umeshtuka kabla pesa haijazuiwa.

Hifadhi kila kitu: jumbe, orodha ya simu zilizoingia na saa zake, jina lililotokea wakati wa kutuma. Kama simu ni kitochi kisichoweza kupiga picha ya kioo, mtu mwingine akipige picha kwa simu yake. Nenda kituo cha polisi ukiwa na hayo na kitambulisho, uandikishe taarifa, upewe RB, yaani namba ya kumbukumbu ya taarifa hiyo. Kosa hilo linaangukia chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na afisa anaweza kuomba kumbukumbu za laini ambazo kampuni ya simu haitakupa wewe. Hata kama kiasi ni kidogo, taarifa iandikwe, kwa sababu laini moja iliyoripotiwa na watu wengi huwa na uzito ambao shilingi 30,000 zako peke yake hazina.

Aliyetapeliwa asifokewe. Wapo wazee ambao wametuma pesa, wakagundua, wakanyamaza kwa kuogopa kuambiwa wamezeeka vibaya na kunyang'anywa simu, na ukimya huo ukampa tapeli siku nzima ya kuitoa pesa na kurudi kuomba tena. Mtu wa kwanza kuambiwa aseme maneno mawili tu, "Pole mama", kisha apige 100. Mazungumzo ya nini kilikosewa yafanywe siku nyingine, na yawe ya nyumba nzima.

Baada ya hapo itegemewe simu moja zaidi. Siku chache zikipita anaweza kupiga mtu anayejiita askari wa makosa ya mtandao, au afisa wa kampuni ya simu, akasema mwizi amekamatwa na pesa yenu imepatikana. Atataja kiasi halisi, tarehe na saa, kwa kuwa yeye au mwenzake ndiye aliyeichukua, na atadai ada ndogo ya kuifungulia. Asitumiwe kitu. Mwulizeni jina lake na kituo chake, mkate simu, kisha mwende na RB yenu kwa afisa aliyewaandikia, mkampe na namba hiyo mpya.